Ngumi Huanzia Mguuni: Maneno ya Ndondi na Kazi Zake

Mchezo mmoja, majina matatu. Kuna wanaosema ndondi, kuna wanaosema masumbwi, na kuna wanaosema ngumi, basi. Wote wako sahihi, ila hili la tatu limebebeshwa mizigo mingi: ngumi ni mkono uliokunjwa, ni pigo lenyewe, na ni mchezo mzima. "Amekunja ngumi" anaweza kuwa mtu aliyekasirika njiani tu. "Ana ngumi" ni bondia ambaye pigo lake likitua, mwenzake hasahau. "Anacheza ngumi" ndiyo kazi yake. Na kwa kuwa mchezo umepewa jina la kiungo, watazamaji wengi huikodolea macho mikono, wakati mikono ndiyo inayofika kazini mwisho. Ukitaka kujua kama bondia anajua au anabahatisha, tazama miguu yake raundi mbili, kisha ndiyo upandishe macho juu.

Tuanze na mipaka. Ndondi ni pambano la watu wawili wenye uzito unaokaribiana, wamevaa glavu, wako ndani ya ulingo, raundi zina muda maalumu na refa ni mmoja. Pigo halali hutua kwa sehemu ya mbele ya glavu iliyofumbwa, pale vilipo vifundo vya vidole, na hutua mbele au ubavuni mwa kichwa, au mwilini juu ya mkanda. Mkanda huu si ukingo wa bukta. Ni mstari wa kufikirika unaopita usawa wa kitovu na juu ya nyonga. Ndiyo maana utamwona refa akimwambia bondia aishushe bukta kabla ya kengele: wajanja huivuta karibu na kifua ili nusu ya tumbo igeuke eneo la marufuku.

Faulo zinajulikana: chini ya mkanda, mgongoni, kwenye figo, kisogoni, kiganja wazi, kiwiko, kichwa, kushika kwa mkono mmoja huku ukipiga kwa mwingine, na kumpiga aliyekwenda chini. Ya kisogoni ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, maana hapo ndipo ubongo unapoungana na uti wa mgongo, na anayepigwa huwa hata haioni inakuja. "Kwenda chini" nako kuna maana kamili: chochote zaidi ya nyayo kikigusa sakafu, iwe goti, glavu au makalio, mtu yuko chini. Hata akibaki wima, kama ni kamba tu zinazomshikilia, refa anaweza kuanza kuhesabu.

Neno ulingo ni la shambani. Ni lile jukwaa la miti anapopanda mlinzi wa mpunga au mtama kufukuza ndege. Limefaa sana, kwa sababu ulingo wa ngumi nao hupandwa, na aliyeko juu hana pa kujificha. Siku hizi una kamba 4 na kona 4: nyekundu, bluu, na mbili zisizo za mtu. Ndani ya kamba, kila upande huwa kati ya mita 4.9 na 7.3 hivi katika ngumi za kulipwa, na mita 6.1 katika ngumi za ridhaa. Tofauti hiyo si ya mapambo. Ulingo mdogo humbeba anayesonga mbele kutafuta mpambano wa karibu. Mkubwa humbeba mwenye miguu. Chini ya turubai kuna sponji, na sponji ikiwa nene mno miguu inazama, mwenye kasi anachoka kabla ya wakati. Kambi zinazojua kazi yake hupanda kuukanyaga ulingo siku moja kabla.

Sasa msimamo. Kwa mtu wa mkono wa kulia, mguu wa kushoto uko mbele, nyayo zimetengana upana wa mabega au zaidi kidogo, na zimekaa mshazari. Kisigino cha nyuma kimeinuka kiasi cha vidole viwili. Magoti yamelegea, uzito umegawanywa nusu kwa nusu, kidevu kimeshuka, ngumi ziko kwenye mashavu na viwiko vimelala mbavuni. Akiweka miguu kwenye mstari mmoja, huki moja (ngumi ya kuzungusha) ya ubavuni inamyumbisha. Akiisimamisha sambamba, jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) ya kifuani inamkalisha. Katika kutembea kanuni ni moja: mguu ulio upande unaokwenda ndio unaotangulia, na mwingine unafuata kwa umbali uleule. Miguu ikikutana au ikipishana, hata pigo dogo humwangusha, na hapo mtangazaji atapiga kelele kwamba ngumi ilikuwa nzito. Haikuwa nzito. Ilimkuta amesimama vibaya.

Mashoto hugeuza yote haya: mguu wa kulia mbele, mkono wa kushoto nyuma. Akikutana na mtu wa kulia, miguu yao ya mbele hukanyagana, na pambano lote huwa ni kugombea nani ataweka wayo wake nje ya wa mwenzake. Aliye nje, mkono wake wa nyuma unakuwa umenyooka moja kwa moja na kidevu cha mpinzani. Mtazamaji anaona watu wawili wanazungukana bila kupigana, anazomea, kumbe vita ndiyo hiyo.

Jebu ni kudonoa. Mguu wa mbele unasogea sentimita 10 au 15 na ngumi inatoka papo hapo, ikitua wakati wayo unapogusa sakafu. Bega linapanda kufunika kidevu. Mkono unatoka ukiwa umelegea, na ngumi inakazwa mwisho kabisa, kiganja kikitazama chini. Ukiukaza mkono tangu mwanzo unajifungia breki mwenyewe. Kisha inarudi kwa njia ileile, kimo kilekile, hadi shavuni, na hapa ndipo wengi huharibu: wanairudisha kwa kuishusha kifuani. Joe Louis, bondia wa Marekani, alikuwa na kosa hilo. Mpinzani wake Mjerumani, Max Schmeling, aliliona, akalisubiri, na tarehe 19 Juni 1936 akawa anaitandika ngumi ya kulia juu ya mkono huo uliochelewa, mpaka Louis akalala raundi ya 12. Waliporudiana miaka 2 baadaye, Louis alimmaliza katika raundi ya kwanza.

Ngumi ya nyuma, ambayo mazoezini wengi huiita krosi, ndiyo inayoonyesha wazi kwamba ngumi huanzia mguuni. Sakafu inasukumwa kwa sehemu ya mbele ya wayo wa nyuma, kisigino kinageuka kwenda nje, goti linafuata, nyonga inazunguka, bega linakuja, na mwisho kabisa mkono unanyooka. Mnyororo ukikatika mahali, kinachobaki ni nguvu ya bega peke yake. Utalijua kosa kwa kutazama kisigino: kama kimelala chini pigo likitua, nyonga haikufanya kazi. Kosa jingine ni kuegemea mbele hadi pua inapita goti la mbele. Hapo ukikosa, unajipeleka mwenyewe kwenye apakati, ngumi ya kutoka chini.

Huki ni ndoano, na umbo lake ndilo hilo: kiwiko kimekunjwa kama pembe ya meza, mkono na kiwiko viko kimo kimoja, na mwili ndio unaouzungusha mkono. Anayezungusha mkono kutoka mbali anapiga kofi. Apakati hutoka chini kwenda juu, kwa magoti, na hutafuta kidevu au chembe cha moyo. Makocha wengi huzipa namba ili kona, yaani kocha na wasaidizi wake, isipoteze muda: 1 jebu, 2 ngumi ya nyuma, 3 huki ya mbele, 4 huki ya nyuma, 5 apakati ya mbele, 6 apakati ya nyuma. Kwa hiyo "moja, mbili, tatu" si kuhesabu, ni amri. Ila wako makocha wenye mpangilio wao, basi uliza kabla hujafuata.

Huki ya kushoto ya mwilini inastahili maneno yake, kwa sababu watu huidharau kwa kuwa haiendi kichwani. Ini liko upande wa kulia, sehemu ya chini yake ikichungulia chini ya mbavu. Pigo likiingia hapo, mwili hujibu kwa kuangusha shinikizo la damu na kuzikata nguvu za miguu, na akili ya mtu iko timamu kabisa. Aliyepigwa hubaki amesimama nusu sekunde kama anayekumbuka kitu, kisha magoti yanakunjika. Bondia Oscar De La Hoya yalimkuta hayo mbele ya Bernard Hopkins mwaka 2004, raundi ya 9: alisikia kuhesabiwa mpaka 10 na hakuweza kuinuka. Ya chembe cha moyo ni nyingine: hiyo hukaza msuli wa kupumulia, hewa inagoma kuingia kwa sekunde kadhaa, halafu inarudi. Ya ini husubiri sana kupoa.

Nokauti ya kichwani inafanya kazi kwa namna tofauti. Kidevu ni kama mpini: ukikigonga pembeni, fuvu linazunguka ghafla, na ubongo ulioko ndani unachelewa kulifuata. Ndiyo maana ngumi nyepesi ya pembeni isiyoonwa hulaza watu waliovumilia nzito za paji la uso. Shingo iliyojiandaa hupunguza mzunguko. Shingo isiyojua kinachokuja haina la kufanya.

Kinga ina maneno mengi kuliko watu wanavyodhani. Kuzuia ni kuipokea ngumi kwa glavu au mkono. Kupangua ni kuigusa kidogo tu ipotee njia, na ukiipangua kwa nguvu mkono wako wenyewe unakwenda mbali na uso. Kukwepa ni kuondoa kichwa kwa sentimita chache, ukizungusha kiuno, macho yakibaki kwa mpinzani. Kubonyea ni kushuka kwa magoti. Anayeshuka kwa kuinamisha mgongo hutazama sakafu, na sakafu haipigi. Kukumbatia ni kushika ili kupumzika, na refa atawaachanisha. Kulala kwenye kamba, alivyofanya Muhammad Ali dhidi ya George Foreman kule Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, kuliingia katika hadithi za mchezo kwa sababu raundi ya 8 Foreman alikuwa amekwisha nguvu na akaangushwa. Wanaojifunza hupenda kuiga. Nawaambia waache: Ali alikuwa akipangua, akishika shingo na kujibu muda wote. Anayeegemea kamba tu anajifungia nyuma ya mlango.

Mikono yenyewe inahitaji bendeji kabla ya glavu. Kwa mtu mzima chukua yenye urefu wa mita 4.5 na upana wa sentimita 5. Tanua vidole wakati wote unapofunga, maana mkono uliokunjwa ukifungwa, ukiutanua bendeji inakaza hadi vidole vinakufa ganzi. Tia kitanzi gumbani, pitisha nyuma ya mkono, zungusha kifundo cha mkono mara 3, panda kwenye vifundo vya vidole mara 3, pitisha katikati ya vidole ukirudi kifundoni kila mara, funga gumba mara moja, malizia kifundoni. Kunja ngumi: ukisikia kubana na ukifungua vidole damu inarudi, umepatia. Kosa la kawaida ni kumaliza bendeji yote vidoleni na kukiacha kifundo kitupu, wakati kifundo ndicho kinachopinda gunia linapopigwa vibaya. Na pigo lilenge vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati. Likitua kwa upande wa kidole kidogo, mfupa ulio nyuma yake ndio unaovunjika.

Glavu hupimwa kwa aunsi, na aunsi 1 ni kama gramu 28. Kwenye pambano la kulipwa, za aunsi 8 huvaliwa hadi uzito wa welta (kilo 66.7), juu ya hapo ni za 10. Mazoezini watu huvaa za 14 au 16. Wengi wanaamini glavu ilibuniwa kulinda uso. Faida yake kubwa ni kwa mkono: fuvu ni gumu kuliko mifupa ya vidole, na anayepiga mikono mitupu lazima achague pa kupiga, la sivyo ataumia yeye. Ukimvika glavu, anaweza kukipiga kichwa raundi nzima. Jack Broughton aliandika kanuni za kwanza Uingereza mwaka 1743, wakati ngumi zikiwa za mikono mitupu. Kanuni za Queensberry, zilizoandaliwa na John Graham Chambers na kutolewa mwaka 1867, ndizo zilizolazimisha glavu, raundi ya dakika 3, mapumziko ya dakika 1 na hesabu ya 10. Zilichukua muda kukubalika: mwaka 1889 John L. Sullivan na Jake Kilrain bado walipigana bila glavu, raundi 75. Raundi za mataji zilikuwa 15 hadi bondia Duk Koo Kim alipofariki baada ya kupigana na Ray Mancini mwaka 1982; hapo ndipo mashirika yalianza kushusha hadi 12.

Kuhusu uzito sitakaa sana. Madaraja ya kulipwa ya wanaume yanayotambulika zaidi ni 17, kutoka kilo 47.6 hadi uzito wa juu, unaoanzia kilo 90.7 bila kikomo. Majina yake ni ya kuchekesha ukiyafasiri: kuna uzito wa nzi, wa bantamu ambao ni kuku wadogo, na wa unyoya. Lililo muhimu ni kwamba mtu hupimwa siku moja kabla, na wengi hupunguza maji ya mwili ili wafike kwenye mizani. Maji yanayorudi kwa siku moja si yote, na bondia aliyekauka huchoka mapema na kichwa chake hustahimili kidogo.

Matokeo ndiyo yanayoharibiwa zaidi na lugha ya magazeti. Watu "watazichapa" Jumamosi, Jumapili tunasoma kwamba fulani "amemtwanga" mwenzake. Kutwanga kunatuletea picha ya kinu na mchi, lakini hakutuambii kama ni nokauti au pointi. Nokauti ni kuhesabiwa hadi 10 bila kuwa tayari kuendelea. TKO ni refa, daktari au kona kusimamisha. Pointi ni kazi ya majaji 3, na mshindi wa raundi hupewa 10, aliyeshindwa 9. Akiangushwa mara moja kwa kawaida huwa 8, mara mbili 7. Ukiona 115 kwa 113, mmoja amechukua raundi 7 na mwenzake 5. Sasa chukua pambano la raundi 6 kwa 6. Lingekuwa sare ya 114 kwa 114, lakini katika mojawapo ya raundi alizopoteza, mmoja alianguka mara moja: anashuka hadi 113 na ameshindwa. Ndiyo maana bondia anayepigiwa hesabu kwa kuteleza hubisha hadi mishipa inamtoka. Majaji wote wakikubaliana ni ushindi wa pamoja. Wawili kwa mmoja ni uamuzi uliogawanyika.

Mtu akianguka, mwenzake huenda kona isiyo ya mtu, na asipokwenda refa anaweza kusimamisha hesabu. Katika kanuni nyingi, hata aliyeinuka haraka huhesabiwa hadi 8. Aliyezoea hukaa kwa goti moja mpaka 7 au 8, akimtazama kocha wake, ndipo anainuka. Anayeruka wima kwa aibu ikiwa 2 mara nyingi hupepesuka mbele ya refa, na refa anatazama macho na miguu, si ushujaa. Atamwambia atembee hatua mbili kumwelekea. Akienda upande, pambano limekwisha.

Kona ina dakika 1, na dakika hiyo ni fupi kuliko inavyosikika. Kiti, pumzi ya kwanza, kinga ya meno inatoka na kusuuzwa, barafu kisogoni, chuma baridi kikikandamizwa taratibu palipovimba, vaselini kwenye nyusi ili glavu iteleze. Pakiwa na jeraha, hukandamizwa moja kwa moja kwa pamba yenye dawa ya kubana mishipa, na mkono haunyanyuliwi kila mara kuchungulia. Maneno yawe mawili matatu: "rudisha jebu juu", basi. Kona zinazoongea watu watatu kwa mpigo humrudisha bondia na kelele kichwani, na zinazommwagia maji ovyo hulowesha turubai, kisha anateleza yeye mwenyewe.

Kisha taulo. Katika lugha ya kila siku, kutupa taulo ni kukubali yaishe. Ulingoni si rahisi hivyo: chini ya kanuni nyingi taulo halimfungi refa, na anaweza kulitupa nje akaacha pambano liendelee. Kwa hiyo kocha anayetaka kumwokoa mtu wake halitupi na kusubiri. Anapanda ukingo wa ulingo, nje ya kamba, mahali ambapo refa lazima amwone.